Muziki wa gereji kwa bajeti ndogo: anza na spika na chumba, wati zije mwisho

*"Nina gereji nyumbani, kama mita 6 kwa 3, kimo mita 2 na nusu. Kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya zege, mlango wa chuma. Gari siku hizi inalala nje, mule ndani jioni natengeneza baiskeli na vitu vya mbao. Nataka muziki wa maana ila pesa ni ndogo. Mjomba kanipa spika mbili za zamani za omu 8, moja ile sponji ya kuzunguka koni imekatika. Dukani nimeona seti imeandikwa wati 8000 PMPO. Rafiki yangu ananiuzia sabufa ya gari inchi 12 na amplifaya yake, anasema niweke betri ya gari gerejini niiache kwenye chaja. Mwingine kaniambia nibandike trei za mayai ukutani manake nikipiga muziki kwa spika ndogo ya Bluetooth, sauti ipo lakini maneno siyasikii, kelele tupu. Halafu nikichomeka laptopu kwenye redio ya zamani kuna mlio wa mmmm hauishi. Na jirani yuko ukuta wa pili. Nianze wapi?"*

Ndugu yangu, anza na zile spika za mjomba. Najua ndo kitu ulichokitaja kwa haraka kama hakina maana, ila kwenye orodha yako yote hicho ndo chenye thamani kubwa, na ikibainika ni nzima basi nusu ya kazi imekwisha kabla hujatoa hela mfukoni. Seti ya 8000 iache dukani. Betri ya gari kwenye chaja ndani ya gereji usifanye, hilo nitalirudia huko chini manake ni la usalama. Trei za mayai hazitakusaidia. Na kule kutosikia maneno sio kosa la kile kispika chako peke yake, gereji yenyewe ndo inayoyameza.

Nianzie hapo kwenye maneno maana ndo penye siri kubwa. Simama katikati ya gereji ikiwa tupu, piga kofi moja kali. Utasikia baada ya kofi kuna kitu kinabaki kinalia, kama trrrr ya haraka haraka. Ile ni sauti inagonga ukuta mmoja, inarudi, inagonga wa pili, inarudi tena. Zege na plasta ngumu zinanyonya kama asilimia 2 tu ya sauti inayozigonga, iliyobaki yote inarudi chumbani. Gereji tupu ya saizi yako sauti inaweza kuendelea kulia zaidi ya sekunde 2, wakati sebule yenye makochi, zulia na mapazia iko kwenye nusu sekunde hivi. Sasa fikiria mwimbaji anatamka silabi kadhaa kwa sekunde moja, kila silabi mpya inakuta zile za nyuma bado zinazunguka chumbani, zinapandana. Ukiongeza voliumu unaongeza zote kwa pamoja, mpya na za zamani, ndo maana kadri unavyopandisha ndo unavyozidi kutoelewa. Watu wengi wakifika hapo wanaenda kununua spika kubwa zaidi, na tatizo linakua nalo.

Dawa yake ni vitu laini na vinene. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kulikuwa na mwalimu wa fizikia wa chuo cha Harvard anaitwa Wallace Sabine, alipewa ukumbi wa mihadhara ambao wanafunzi walikuwa hawamwelewi msemaji, akawa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapima sauti inachukua muda gani kufa, anarudisha mito ilikotoka. Kutoka kwenye ile mito ndo ikapatikana hesabu inayotumika mpaka leo kwenye kumbi duniani kote. Ukiitumia hesabu yake kwa gereji yako, mita za mraba 10 hivi za kitu kinachonyonya vizuri zinatosha kuishusha ile sauti inayobaki mpaka chini ya sekunde 1. Mita 10 sio nyingi. Godoro la zamani lililosimamishwa ukutani, zulia nene lililoning'inizwa likaachwa nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati yake na ukuta (ile nafasi ya hewa inasaidia sana, usilibandike moja kwa moja), shelfu wazi iliyojaa mabox, nguo za zamani na matambara. Ukipata ile pamba ya mawe wanayoweka kwenye dari kuzuia joto, unene wa sentimita 10, itie kwenye fremu ya mbao uifunike kitambaa kisichobana hewa, hapo umefanya kitu cha studio kabisa na wewe kazi ya mbao unaiweza. Vaa glavu na barakoa ukiikata.

Usifunike ukuta mmoja wote ukaacha mwingine mtupu. Tawanya. Cha muhimu ni kuta mbili zinazotazamana zisibaki zote ngumu, ukilainisha hata mmoja wapo kwa vipande vipande ile trrrr inakatika. Piga kofi tena kila unapoongeza kitu, sikio lako litakwambia umefika wapi.

Trei za mayai ni nyembamba mno, zinagusa sauti za juu kidogo tu, besi inapita kama haipo, na maneno nayo hayatengenezeki kihivyo. Ubaya zaidi zinashika moto haraka sana, na wewe uko gerejini, kuna grainda inarusha cheche, kuna rangi, pengine na petroli. Hata sponji za bei rahisi zisizo na dawa ya kuzuia moto usizibandike karibu na sehemu unayosaga au kuchomelea. Hata lile godoro na zulia viweke upande wa mbali na cheche.

Sasa spika za mjomba. Kabla ya kuziunganisha na chochote zikague kwa mkono. Weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani taratibu, usawa, milimita chache tu, uachie. Ikienda na kurudi kimya ni nzima. Ukisikia kikwaruzo, kama mchanga, ujue koili ya ndani imeungua au imepinda, hiyo weka pembeni. Ukiwa na multimita pima omu kwenye zile pini mbili za nyuma, spika ya omu 8 huwa inasoma kama 6 au 7 hivi, hiyo ni kawaida kwasababu mita inapima ule waya wa koili tu. Ikisoma 1 au isiposoma kabisa, ina shida.

Halafu kuna kipimo cha betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, nakipenda sana. Gusisha chanya ya betri kwenye pini nyekundu na hasi kwenye nyeusi, gusa na kuachia, usishikilie. Koni itatoa "top" na kuruka. Angalia imerukia wapi. Ikiruka nje, nyekundu ndo chanya kweli. Ikiingia ndani, kuna mtu aliwahi kuifungua akageuza waya. Fanya kwa zote mbili. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, manake spika moja ikisukuma nje wakati mwenzake anavuta ndani, besi zinauana, unabaki na muziki mkavu kama wa redio ya mfukoni, na mtu anaenda kununua sabufa wakati tatizo lilikuwa waya mbili kugeuzwa.

Ile yenye sponji iliyokatika usiitupe. Zile duara za sponji huoza zenyewe baada ya miaka, mara nyingi kwenye 10 hadi 20, hata kama spika haijapigwa, na moja ikishakatika nyingine haiko mbali, kwahiyo badilisha zote mbili kwa pamoja. Zinauzwa duara mpya kwa saizi, unapima kipenyo cha nje na cha ndani pale koni inapogusana na sponji, unaondoa gundi ya zamani kwa uvumilivu, unagundisha mpya kwenye koni kwanza, ikikauka unagundisha kwenye fremu. Hatua ya mwisho ndo ngumu kidogo, koni lazima ikae katikati kabisa isikwaruze. Njia nzuri ni kuipigia toni ya chini, hezi 20 au 30, kwa sauti ndogo sana huku gundi bado mbichi, unaisogeza mpaka mkwaruzo unapotea, unaiacha ikauke hapo. Kama mikono yako inatengeneza gia za baiskeli, hii utaiweza. Ukiona hutaki, fundi spika anaifanya, na bado itakuwa rahisi kuliko spika mpya za ubora ule.

Twita, zile spika ndogo za sauti za juu zilizo kwenye boksi hilohilo, nazo zisikilize, weka sikio karibu muziki ukiwa chini kabisa. Ikiwa moja kimya au imefifia, aidha imeungua au kapasita ya ndani ya boksi imezeeka. Zote zinabadilishika.

Tuje kwenye wati, na hapa nitakaa kidogo. Ile PMPO hakuna kanuni moja inayosema ipimwe vipi. Kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Geuza ile seti nyuma, pale kwenye kibandiko karibu na alama ya volti pameandikwa inakula wati ngapi kutoka ukutani. Utakuta 50, 80, labda 120. Kifaa hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kuliko kinayokula, na sehemu ya hiyo inapotea kuwa joto. Wewe tafuta neno RMS, yaani wati ambazo kifaa kinazitoa mfululizo, na ukiwa na wasiwasi amini kibandiko cha nyuma kuliko maandishi makubwa ya mbele.

Halafu wati zenyewe haziongezi sauti kama watu wanavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 3 tu, ni tofauti ndogo ambayo sikio linaitambua na basi. Ili usikie kama sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara 10. Kwahiyo kutoka wati 30 kwenda 60 hutaona maajabu. Kinachobadilisha ni spika yenyewe, ile namba inaitwa sensitiviti, desibeli ngapi inatoa kwa wati 1 ukiwa mita 1. Spika ya 91 na spika ya 85 zina tofauti ya desibeli 6, maana yake ile ya 85 inataka wati mara 4 kufikia mwenzake. Spika nyingi za zamani zenye maboksi makubwa zilikuwa na namba nzuri hapo kwasababu amplifaya za enzi zile zilikuwa ndogo. Na umbali nao, ukisogeza spika kutoka mita 4 hadi mita 2 umepata desibeli kadhaa bure kabisa. Kwa gereji yako na spika za kawaida, wati 20 au 30 za kweli kwa kila upande ni nyingi kuliko utakavyotumia.

Amplifaya basi, una njia mbili na zote nazikubali. Ya kwanza ni amplifaya ya nyumbani iliyotumika, ile ya stirio ya zamani, ya wati 30 mpaka 50 RMS. Uzito wake ni dalili nzuri, transfoma kubwa. Ukienda kuinunua beba spika moja ndogo na simu, ijaribu palepale, zungusha kitufe cha sauti taratibu, kikikwaruza kidogo ni vumbi na linasafishika kwa spirei ya kontakti, lakini ikiwa upande mmoja unapotea au kuna mvumo mkubwa hata sauti ikiwa sifuri, iache.

Ya pili ni vile vidogo vya klasi D, saizi ya kiganja, vinatumia chaja kama ya laptopu, vingi vina Bluetooth ndani. Ni vizuri sana kwa gereji, havipati joto sana, havili umeme. Ila usiamini maandishi ya "100 + 100". Fanya hesabu hii: chukua volti za chaja, zidisha kwa zenyewe, gawanya kwa 2, halafu gawanya kwa omu za spika. Chaja ya volti 24 na spika ya omu 8: 24 mara 24 ni 576, nusu yake 288, gawa kwa 8 unapata 36. Hapo ndo kilele chake, kwa uhalisia kama 30 safi. Inatosha kabisa! Lakini wakikupa na chaja ya volti 12, hesabu ileile inakupa 9, na hapo ndo watu wanalalamika kifaa kibovu wakati tatizo ni chaja. Angalia na ampea za chaja, kwa volti 24 tafuta 4 au zaidi.

Chochote utakachochagua, sauti ikianza kupasuka rudisha chini mara moja. Amplifaya ikizidiwa inakata vilele vya mawimbi, mawimbi yaliyokatwa yanazaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwemo kwenye muziki, zinaenda zote kwenye twita, na twita ni nyembamba, inaungua. Twita nyingi zinakufa hivyo, kwa amplifaya ndogo iliyokamuliwa.

Kuhusu waya, usitumie pesa nyingi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha mpaka mita 10, ukivuka hapo nenda 2.5. Kuna waya zinauzwa zinang'aa rangi ya shaba kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa, kwaruza kwa kisu uone, ikiwa nyeupe ndani chukua saizi nene zaidi au uiache. Na usiunganishe spika mbili za omu 8 kwenye pini za upande mmoja kabla hujasoma nyuma ya amplifaya, zikiwa sambamba zinakuwa omu 4 na sio kila amplifaya inazivumilia.

Mpangilio wa spika kwa mtu anayefanya kazi huku anatembea ni tofauti na wa mtu aliyekaa kwenye kochi. Spika zining'inize au ziweke juu ya shelfu upande wa meza ya kazi, usawa wa kichwa au juu kidogo, zimeinamishwa kukuelekea, kama mita 1 na nusu hadi 2 kati yao. Usizitupe kona ya mwisho ya gereji halafu ukapandisha sauti zikufikie, hiyo inajaza chumba zima mwangwi na inamfikia jirani kabla yako. Kwenye simu nyingi kuna sehemu ya kuweka sauti iwe mono, yaani spika zote mbili zitoe sauti ileile, ijaribu, manake ukiwa unasogea sogea na stirio ya kawaida kuna wakati uko karibu na spika moja unakosa gitaa au sauti ya pili. Kama boksi lina tundu nyuma lisogeze mbali na ukuta sentimita 15 au 20, la sivyo besi itavimba.

Ukutani kwa tofali tumia plagi na skrubu zinazobeba uzito mara kadhaa wa spika, na chini ya boksi weka vipande vya raba, vile vya tairi la ndani la baiskeli vinafaa sana na unavyo tayari. Halafu mlango wa chuma: piga wimbo wenye besi, weka kiganja mlangoni, tembeza mkono mpaka upate panapotetemeka, paweke utepe wa raba. Fanya hivyo kwa shelfu za chuma, madumu, hata spana zilizoning'inia. Kuna wakati mtu analaumu spika inapasuka kumbe ni kifuniko cha kopo la misumari.

Sasa besi na ile sabufa ya gari. Kwenye chumba chako kuna jambo ambalo nimelihesabu kutoka kwenye vipimo ulivyoandika. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, na kila chumba kina noti zake ambazo kinazikuza kutokana na umbali wa kuta. Upana wako wa mita 3 unakuza hezi 57. Urefu wako wa mita 6 unakuza hezi 28 na nusu hivi na pia, kwa mara ya pili, hezi 57 hizohizo. Zimekutana. Urefu ukiwa mara mbili kamili ya upana ndo inavyokuwa, maana yake kuna noti moja ya besi itakayovuma kwa nguvu kupita zote na nyingine zitaonekana hazipo, na ukitembea hatua mbili mambo yanabadilika. Ukiweka inchi 12 kwenye kona ya chumba hicho utapata noti moja inayotikisa bati na jirani, sio besi nzuri. Tena sabufa ya gari imetengenezwa ikitegemea udogo wa gari, kibanda kile kidogo kinaisaidia zile besi za chini kabisa. Ukiileta gerejini msaada huo unapungua sana.

Na umeme wake ndo unaonitia wasiwasi zaidi. Amplifaya ya gari ya wati 300 ikifanya kazi kwa nguvu inaweza kuvuta ampea 30 hadi 40 kwenye volti 12. Chaja ya kawaida ya betri inatoa 5 au 10. Kwahiyo betri inabaki inaliwa na kuchajiwa muda wote, na betri ya asidi ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka kwa cheche ndogo tu. Chumba kimefungwa, grainda inafanya kazi, waya nene za betri hazina fyuzi. Hapana, tafadhali. Kama moyo wako uko kwenye sabufa, chukua spika yenyewe na boksi bila ile amplifaya, siku moja utafute amplifaya ndogo ya sabufa inayotumia umeme wa ukutani, ila kwanza tumia spika za mjomba kama mwezi hivi.

Siku utakayoiweka, kuna njia ya kutafuta nafasi yake: weka sabufa pale unaposimama kufanya kazi, juu ya meza hata, piga wimbo wenye besi inayotembea noti tofauti, halafu wewe inama uzunguke pembeni ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawasawa, hakuna inayovimba, ndo iwekwe hapo. Unaonekana wa ajabu ukifanya hivyo lakini inafanya kazi.

Ule mlio wa mmmm: ni mvumo wa umeme, hezi 50 au 60 kutegemea gridi ya ulipo, na unakuja kwasababu laptopu kupitia chaja yake na redio kupitia plagi yake zote zimegusa ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, kwa njia mbili tofauti, halafu waya wa sauti ukaziunganisha, mkondo mdogo ukawa unazunguka kwenye ule waya. Jaribu, chomoa chaja ya laptopu itumie betri yake. Mlio ukikata, ndo huo. Chomeka vyote kwenye soketi moja, au tuma muziki kwa Bluetooth kwenda kwenye amplifaya ili kusiwe na waya kabisa, au weka kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha kwenye waya wa sauti. Kuna watu watakwambia ukate pini ya ethi kwenye plagi. Mlio utaisha kweli, ila siku umeme ukivuja ndani ya ile redio bodi lake lote la nje litakuwa na umeme na mkono wako ndo utakuwa ethi. Usikate.

Kwakuwa tuko kwenye usalama: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini, kwahiyo amplifaya, soketi ya nyongeza na chaja zikae juu, nusu mita na zaidi kutoka sakafuni. Waya ya ekstensheni usiiache imejiviringisha kwenye rola yake wakati inabeba mzigo, inapata joto. Vumbi la mbao likiingia kwenye amplifaya linaziba njia za hewa, kwahiyo iweke mbali na msumeno na uipulize mara moja moja ikiwa imezimwa, usiifunike na kitambaa ikiwa inawaka.

Jirani sasa. Kilichopo ndani ya gereji, yale magodoro na mazulia, yanaboresha sauti ya ndani, hayazuii sauti kutoka nje. Kuzuia kunataka uzito na kuziba mianya, na kwako mwanya mkubwa ni ule mlango, chini na pembeni, ukiweka raba ya kuziba utasikia tofauti kwenye sauti za kati na juu. Besi itapita bado. Ndo maana nasisitiza spika karibu na wewe na sauti ndogo, na kwenye ekwalaiza ya simu punguza kidogo kile kitufe cha karibu na hezi 60. Halafu nenda kwake siku moja muziki ukiwa unapiga, usikilize ukiwa upande wake wa ukuta, mkubaliane mwisho saa ngapi.

Usijaribu kuishinda grainda kwa muziki. Wataalamu wa usikivu kazini wanachukulia desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndo ukomo, na kila ikipanda 3 muda unakatwa nusu, kwahiyo kwenye 100, ambapo grainda inafika bila shida, una dakika 15 tu. Vaa vifuniko vya masikio, vipo hata vyenye Bluetooth ndani, na muziki wa gereji uwe wa zile saa za kupiga msasa na kufunga minyororo.

Kuna vitu ambavyo maandishi yangu hayatoshi. Ukigusa bodi la amplifaya au redio ukahisi ganzi au msisimko hata kidogo, zima, usiguse tena, aje fundi umeme apime ethi ya gereji, na akija mwombe aangalie kama kuna RCD (swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja) ya miliampea 30 kwenye laini hiyo, kama haipo aiweke, hii ndo pesa ya kwanza kutumia kabla hata ya amplifaya. Soketi inayopata joto au kunukia plastiki, vilevile. Amplifaya ikiharibika usiifungue mwenyewe hata ukiwa umeichomoa, kapasita za ndani zinabaki na chaji. Na masikio yakianza kulia nziii baada ya kazi na ukaamka kesho yake bado yanalia, nenda ukapimwe usikivu, usisubiri izoeleke.

Kwahiyo wikendi hii piga lile kofi, kagua koni, jaribu betri ya rimoti, pima kipenyo cha ile sponji. Rafiki yako mwambie ile sabufa asubiri mwezi, na kama atapata mteja mwingine kabla, amuuzie tu.